Noti Isiyo na Machela

Ipogolo, Iringa, 24 Novemba 2024

Isakwisa mume wangu,

Leo mvua ya kwanza imeshuka. Si ya kupandia, ni ya kulaza vumbi tu, lakini malori yalipunguza mwendo na mtaa mzima ukanukia udongo. Ulikuwa ukiipenda harufu hiyo. Ulikuwa ukisema rangi yake haipatikani dukani.

Tangu tukuzike mwezi wa nane sijakuandikia neno. Mchungaji aliniambia niongee na Mungu kila ninapoelemewa. Naongea naye. Lakini Mungu habari zote anazo tayari, wewe huna, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe.

Habari yenyewe ni hii: wanataka kuiweka picha yako kwenye noti.

Mdogo wako Anyitike amenipigia simu kutoka Mbeya, anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Shemeji! Kaka anaingia kwenye hela!" Nikadhani amelewa. Akanieleza kwamba reli inatimiza miaka hamsini, itatolewa noti ya kumbukumbu, na upande wa nyuma watachonga ile picha kubwa uliyoichora ukutani kwenye ukumbi wa kanisa kule Iyunga. Watu wa kamati ya noti hiyo wamekwisha kuja na kamera. Kinachosubiriwa ni sahihi ya familia, na kwa kuwa kikao cha ukoo kilinifanya mimi msimamizi wa mirathi, sahihi hiyo ni yangu.

Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba nikalia, na haikuwa kwa uchungu. Maisha yako yote uliandika "Duka la Dawa" na "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za watu, wala jina lako halikuwekwa hata kwenye kona. Sasa nchi nzima ikushike mkononi.

27 Novemba

Mvua kidogo. Nimechimba mashimo ya mahindi, sijapanda.

2 Desemba

Veneranda amekuja na umbea wake wa asubuhi. Unamjua jirani yako, akitoka misa ya alfajiri lazima apitie hapa kabla hajafika kwake.

"Kamwene, Mama Alina! Nasikia mzee anakuwa noti."

"Si yeye, ni picha yake."

"Ni yale yale. Sasa mimi nikija kununua mayai kwako nikakupa noti hiyo, nitakuwa nakurudishia mume?"

"Utakuwa unanirudishia mume aliyekunjamana."

"Na si ndivyo alivyokuwa! Shati lake lilipigwa pasi lini yule?"

Tulicheka mpaka akalazimika kushika mlango. Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba. Baadaye nilijisikia vibaya, kisha nikaona hapana, wewe ungecheka zaidi yetu.

8 Desemba

Najua picha hiyo ni kazi ya mkono wako, lakini leo wakati wa mahubiri nimeipitia kichwani kona kwa kona, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba aliyokulia.

Katikati watu wanatandika reli, Wachina na watu wetu, migongo imeinama, nyundo ziko juu. Nyuma yao mdomo wa handaki, mweusi. Kulia moshi wa jikoni. Na kushoto, pale njia inapoanza kupanda kuelekea kwetu Mufindi, wanaume wanne wamebeba machela begani. Juu ya machela kuna mtu aliyefunikwa shuka. Wabebaji wako vichwa wazi, kofia zao za majani wamezishika kwa mkono wa pili. Wa tano anawafuata, ameninginiza shingoni jozi ya viatu vilivyofungwa kamba.

Aliyefunikwa ni baba yangu, Aroni. Jiwe lilimwangukia handakini mwaka 1973. Wenzake hawakukubali azikwe bondeni, mbali na kwao. Wakambeba kwa miguu, wakipokezana, mpaka juu kwetu. Nilikuwa na miaka saba, nimebaki na vitu vidogo tu. Nakumbuka walinawa mikono kwenye karai la bibi na maji yakawa mekundu. Nakumbuka mmoja alinipa biskuti iliyolowa jasho lake, nami nikaila. Nakumbuka viatu, vilikuwa vipya, alivinunua avivae Krismasi.

Nilikueleza hayo tulipooana, ukasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaenda kwa mama kujifungua Alinanuswe. Niliporudi Mbeya na mtoto mgongoni ulinipeleka ukumbini, picha imekwisha. Hukunionyesha kwa kidole. Uliniacha niione mwenyewe.

Baba hakuwahi kupigwa picha. Na kaburi lake, unajua, lilimezwa na shamba la miti ya mbao. Tulilitafuta mimi na wewe mwaka ule, tukarudi na majani ya misonobari kwenye nywele. Kwa hiyo pale ukutani Iyunga ndipo ninapomwendea.

15 Desemba

Nimepanda. Mvua nzuri.

19 Desemba

Leo nimekasirika mpaka mikono imekuwa ya baridi. Naandika polepole ili nikueleze kwa mpangilio.

Amekuja bwana mmoja wa kamati, anaitwa Clement. Mtu mzima, mpole, alivua viatu mlangoni ingawa nilimkataza. Nikamwandalia chai na viazi vya kuchemsha. Akafungua bahasha kubwa, akaitandaza mezani karatasi yenye mchoro wa noti, wameukuza ili uonekane.

Isakwisa, mwanzoni nilishika mdomo. Hakuna rangi hata moja, ni mistari mitupu, myembamba kama nywele za mtoto, lakini kila kitu kipo. Handaki wamelichonga kwa mistari iliyosongamana mpaka unasikia baridi yake. Moshi ni vinukta. Na chini, kwa herufi ndogo, jina lako. Nikalisoma kwa sauti. Bwana Clement akatabasamu.

Kisha macho yangu yakaenda kushoto, mahali yanapokwenda siku zote.

Wanaume wanne wapo. Wanapanda kilima. Mabega yamelemewa vile vile ulivyoyachora. Lakini begani wamebeba chuma. Wamebeba reli. Na yule wa tano hana viatu shingoni, ameshika spana.

"Baba yuko wapi?" nikauliza.

"Samahani, mama?"

"Mtu aliyekuwa hapa. Aliyebebwa."

Akakohoa kidogo. "Aa, hayo ni marekebisho madogo tu, mama. Noti ni kitu cha furaha. Tunasherehekea miaka hamsini. Mtu anakwenda sokoni kununua nyanya, hatapenda kukutana na maiti."

"Mliyemtoa ni baba yangu mzazi."

Alikuwa hajui. Nilimwona usoni kwamba kweli hajui. Akaweka kikombe chini. "Pole sana mama. Nisamehe." Kisha akajaribu tena, kwa upole. "Lakini tazama, kwenye noti yenyewe angekuwa mdogo hivi." Akanionyesha ncha ya ukucha wake. "Hakuna ambaye angemwona."

"Kama hakuna ambaye angemwona, mlimtoa kwa nini?"

Alikunywa chai yake mpaka mwisho ingawa ilikuwa imepoa. Akasema kamati inasubiri sahihi yangu hadi mwisho wa Machi. Nikamfungia maparachichi ya safari, kwa sababu ni mgeni na kosa si la tumbo lake. Lakini sahihi sikumpa.

25 Desemba

Alinanuswe amekuja kutoka Mafinga na watoto. Tumepika pilau. Nikamwonyesha mchoro, nikamweleza.

"Mama," akasema, "nani anaangalia picha kwenye noti? Watu wanainyanyua kwenye mwanga waone kama ni bandia, basi."

"Wewe hutaangalia?"

Akaendelea kumchambulia mtoto wake mifupa kwenye nyama. "Mimi nitaangalia kila siku. Nataka jina la baba lionekane, mama. Nataka hilo tu."

Nilimwongezea nyama. Jina lako nami nalitaka.

11 Januari

Viwavi kwenye mahindi. Nimetia majivu.

18 Januari

Mvua wiki nzima. Anyitike amepiga simu.

"Shemeji, umesaini?"

"Bado."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri baba arudi kwenye picha."

"Baba yupi tena?"

"Wangu."

"Mwe! Shemeji, baba yako alikufa zamani, kaka amekufa jana. Huyu wa jana ndiye anayeuma."

Nikakata simu. Namjua ndugu yako. Anataka akae kwenye vilabu vya Mbeya apunge noti akisema huyu ni kaka yangu, mnunulieni. Siku zote nimemwona mtu wa kujionyesha, na msiba haujambadilisha.

19 Januari

Bado nimekasirika. Mvua.

30 Januari

Jiko linavuja pale pale ulipoziba. Nimeweka sufuria.

6 Februari, Mbeya

Nilimwambia Veneranda anitazamie kuku nikapanda basi. Lori lilikuwa limelala barabarani baada ya Makambako, tukakaa na ukungu umetufunika, wanawake wakituuzia chai madirishani. Nimefika Iyunga mchana.

Ukumbi ulikuwa wazi. Mbele ya picha yako alikaa kijana kwenye benchi, mwembamba, ana miwani, ameweka daftari la michoro magotini. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mama Lea, mjane wa mzee Isakwisa?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Sedekia. Mimi ndiye niliyemtoa baba yako."

Akalisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja kazi yake. Nilikuwa nimebeba maneno makali kutoka Ipogolo mpaka hapo, ningeweza kumtupia yote. Lakini mtu anapokuja mwenyewe mbele yako hivyo unamtupia nini?

Nikakaa. Akaniambia yeye ni mchongaji wa noti, kampuni iliyopewa kazi ndiyo iliyomwajiri. Akanieleza kazi yake, nami nakueleza kwa kuwa najua ungempenda. Anasema kwenye noti hakuna rangi ya kumsaidia mtu. Ngozi ni mistari, jiwe ni mistari, nguo ni mistari, unavitofautisha kwa unene na ukaribu wake tu. Anasema shuka la baba lilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu ulilichora limemlalia mtu, halikutupwa juu ya kitu. Alilichonga kwa wiki nyingi. Alipolipeleka akaambiwa atoe.

"Wakasema kazi ni rahisi, nibadilishe kinachobebwa tu. Mabega yapo tayari."

"Ukabadilisha."

"Nikabadilisha, mama. Nina watoto." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini umetazama vichwa?"

Akatoa kioo cha kukuzia na ule mchoro. Nikatazama. Nilikuwa nimetazama mabega tu siku ile, hasira ilinifunga macho. Wote wanne wako vichwa wazi. Kofia wamezishika mkononi.

"Waliniambia niwavishe," Sedekia akasema. "Sikuwavisha. Hakuna mtu anayevulia kofia kipande cha chuma. Atakayetazama vizuri atajua hawa wamebeba nini."

Nilimshika mkono. Isakwisa, nilikwenda na adui mmoja kichwani, na alipoketi pale hakuwa adui.

Anyitike akaingia wakati huo huo, amelowa, ameambiwa na mtunza ukumbi kwamba nipo. Akanisalimu kwa kifupi. Kisha akaenda kusimama kwenye picha, upande wa kushoto, akamwambia Sedekia: "Huyu wa mbele ni mimi."

Nikageuka. Nikatazama uso wa mbebaji wa kwanza, kisha uso wa shemeji yangu mwenye mvi na mashavu yaliyoshuka. Ni yeye. Taya lile lile. Miaka yote hiyo nilikuwa namwangalia baba, sikuwahi kuwaangalia waliombeba.

"Kaka alitusimamisha hapo nje siku nzima," akasema, "mimi na vijana wa kwaya. Alitutesa! Nilikuwa na miaka ishirini." Akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya vilabuni. "Shemeji, mimi sina picha ya ujana. Hii ndiyo yangu. Nataka niione kazi hii ya mkono wa kaka imekwenda kila mahali, kabla na mimi sijaenda. Ni vibaya?"

Si vibaya. Nimemwambia si vibaya. Nilikuwa namhukumu mtu ambaye analia kwa njia yake.

10 Februari

Nimerudi Ipogolo. Kuku wazima, mmoja anaatamia. Mvua.

22 Februari

Mvua. Mahindi yamenipita urefu.

2 Machi

Nimefikiri hivi: vichwa viko wazi. Mimi nitajua, Alinanuswe atajua, Anyitike atajua. Wewe utapata jina, shemeji atapata uso wake, baba atapata heshima yake kwa siri. Nani anaumia? Nimechukua kalamu. Imegoma. Nimeitikisa mpaka nikachoka, nikasema nitanunua nyingine kesho.

3 Machi

Sikununua.

14 Machi

Leo tumemzika mama yake Lusia, yule mwenye duka la mkaa. Mvua haikutuonea huruma. Tulikaa chini ya turubai wanawake wote, kanga kiunoni, miguu kwenye tope. Beseni la rambirambi lilipita. Noti zilikuwa zimelowa, zimeshikana, simba na faru na tembo wote wamelaliana mle ndani, na yule mama mwenye kupokea alikuwa akizibandua moja moja taratibu asizichane.

Nikaacha kusikia mahubiri. Nilikuwa nalitazama lile beseni.

Yule bwana aliniambia noti ni kitu cha furaha. Nani alimdanganya? Hakuna noti katika nchi hii ambayo haijakwenda msibani. Imenunua sanda, imenunua mbao za jeneza, imelala kwenye beseni na mvua imeinyeshea. Na hiyo yao itakwenda pia, itakuja hapa hapa Ipogolo, mtu ataikunja ampe mfiwa. Ndani yake watu wanne watakuwa wamevua kofia kwa ajili ya chuma, na aliyewafanya wazivue atakuwa amefutwa.

Nilitoka pale nimelowa mpaka mifupa na nimejua nitakalosema.

Nakuomba radhi mapema, mume wangu. Nitakunyima.

29 Machi, Mbeya

Wamejaza ukumbi. Kamati, wazee wa kanisa, kwaya, Alinanuswe na mume wake, Anyitike amevaa suti uliyomwachia. Sedekia alikaa pembeni. Walitandika meza kitambaa cheupe na kalamu mpya juu yake.

Bwana Clement akasimama akiwa na uso wa furaha. "Mama yetu, tumekuletea habari njema. Tumejadiliana sana, na mchongaji wetu ametueleza. Kamati imekubali vichwa vya wale wanne vibaki wazi. Ni kwa heshima ya mzee Aroni." Watu wakapiga makofi. Akanisogezea kiti.

Sikukaa. Nikasema: "Nawashukuru. Namshukuru huyu kijana kwa heshima aliyompa baba yangu kimya kimya. Lakini sitasaini."

Makofi yalikufa vibaya, yalibaki ya mtu mmoja aliyekuwa hajasikia.

"Mama, mbona tumekubaliana na wewe?" Bwana Clement akasema. "Vichwa viko wazi. Wewe utajua. Sisi tutajua."

"Hicho ndicho nisichokitaka, mwanangu. Baba yangu hakufa kwa siri. Alikufa kazini, mchana, kwenye kazi ya nchi hii. Alibebwa njia kubwa, watu wakisimama kumtazama. Leo aingie kwenye noti kwa kujificha kwenye kofia za watu kwa nini? Ameiba nini?"

"Tulisema, mama, noti ni ya sherehe."

"Hiyo noti yenu, mtu akifiwa hatapewa? Mtaizuia isiingie kwenye beseni? Itakwenda kila msiba, kutoka hapa mpaka baharini. Kitu kinachokwenda kila msiba kinaogopa maiti mmoja aliyefunikwa vizuri?"

Nyuma mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Hapo!" Mwingine akasema, "Sema, mama, tuko hapa."

Bwana Clement hakukasirika. Nampa haki yake, hakukasirika. Alikuwa amechoka. "Basi itabidi tutumie picha nyingine, mama. Muda umekwisha."

"Tumieni. Wekeni garimoshi tupu, wekeni twiga, wekeni maua. Hii ya mume wangu ikitoka hapa ukutani inatoka na mtu wake."

Nikachukua ile kalamu mpya mezani, nikaifunga kifuniko, nikampa mkononi.

Sedekia alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipompita akaniambia polepole, "Lile bamba nililochonga kwanza, lenye shuka, bado ninalo mama. Sikulifuta." Nikamwambia alitunze.

Nje kulikuwa na manyunyu. Alinanuswe akanifunika mwavuli. "Mama, sijui nikuonee aibu au nikuonee fahari."

"Anza na aibu, fahari itakuja."

Anyitike alinisubiri kwenye ngazi. Hakuniita shemeji. Alisema, "Umemzika kaka mara ya pili," akashuka, suti yako ikilowa. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyamaliza ndani.

Nimeandika haya nyumbani kwa dada wa kanisa. Nimemchagua yeye nikakuacha wewe. Ulikuwa na nafasi moja ya kujulikana, nami ndiye niliyeifunga kwa kifuniko cha kalamu. Kama ingerudi kesho, ningeifunga tena.

4 Aprili

Ujumbe wa simu kutoka kwa bwana Clement. Wametumia picha ya garimoshi. Ananitakia afya njema.

5 Aprili

Mvua ya mwisho mwisho.

12 Aprili

Veneranda ameniuliza kama bado nina mume au amebaki karatasi. Nikamwambia nina ukuta mzima. Akafikiri, akasema ukuta ni bora, ukuta hauibiwi mfukoni.

Anyitike hapokei simu.

20 Aprili, Pasaka

Mvua zimekatika. Anga imeoshwa, milima inaonekana mpaka mbali.

Nilitoka kanisani nikamkuta Anyitike amekaa kwenye ngazi yangu na gunia la viazi kutoka Uyole. Alikuwa amevimba macho kwa safari. Tukasalimiana kama watu waliokutana njiani. Nikamwambia aingize gunia ndani. Akalibeba begani, akalishusha jikoni, akabaki amelitazama. Alilitazama mpaka nikamuuliza, "Vimeoza?"

"Shemeji," akasema. "Siku ile kaka alipotusimamisha, tulibeba machela yenye magunia mawili ya viazi. Akatutazama, akatikisa kichwa. Akasema mabega yetu yanabeba viazi, hayabebi mtu. Akayashusha magunia."

"Halafu?"

"Akalala yeye."

Nikakaa chini.

"Akalala kwenye machela, akajifunika shuka mpaka usoni, akatuambia vueni kofia mpande kilima mpaka niseme basi. Tulipanda. Hakusema basi. Tukawa tunaogopa, tunamwita, kaka, kaka, yeye kimya. Tulipofika juu ndipo akasema mtelemke. Tulipomshusha alikimbilia karatasi akachora mabega yetu kabla hayajaacha kuuma." Akajipangusa uso kwa mkono. "Yule chini ya shuka ni yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesaini?"

"Hapana."

"Ndiyo maana. Nilitaka ule uso wangu." Akakaa juu ya gunia. "Na sikutaka kumfikiria chini ya shuka. Mwezi wa nane nimembeba tena, shemeji, kwa bega hili hili. Alikuwa mwepesi kuliko siku ile. Tangu nikuache pale kwenye ngazi sijaweza kulala, najiuliza, hivi mimi nilikuwa natetea noti isiyo na kaka?"

Nilimshika kichwa kama mtoto. Tulilia kidogo, kisha nikamenya viazi vyake na tukala. Alisema ni vitamu kwa sababu ni vya Mbeya. Nikamwambia ni vitamu kwa sababu vimepikwa Iringa. Ameondoka na basi la mchana, akaniita shemeji mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Isakwisa. Hukuniambia hata siku moja. Nilisimama mbele ya ukuta ule miaka na miaka, mwanao mgongoni, nikimsalimu baba, na wewe ulisimama kando yangu umekunja mikono ukaniacha nimsalimu. Nilidhani nachagua kati yenu. Kumbe mlikuwa chini ya shuka moja, na waliotaka kumtoa mmoja walikuwa wanawatoa wote wawili.

Nilikataa bila kujua. Ningejua, ningekataa kwa sauti kubwa zaidi.

Mimi nitabaki hapa kwanza, kuna mahindi ya kuvuna. Lakini mkikaa pamoja huko, wewe na baba, nikumbukeni.

Lea